Sare Arobaini Kabla Mvua Hazijaisha

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Duka la mpwa wangu, binti wa dada yangu, limefunguliwa saa nne na robo. Sisemi ni dalili ya kitu. Naandika saa kama zilivyokuwa.

Daftari hili nimepewa niandikie maagizo ya wateja. Wateja hawajaja, na mimi si mtu wa kushika kalamu bure. Niliacha shule darasa la tano, lakini ieleweke kwamba mimi ndiye niliyeiacha shule, shule haikuniacha mimi. Mwalimu alikuja nyumbani mara tatu kunibembeleza. Mara ya tatu alikuja na mwalimu mkuu na mbuzi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo. Kuna meza ya kukatia, pasi, benchi la wateja na cherehani mbili za umeme. Tutashona nguo za kazi: sare, aproni, ovaloli. Mpwa wangu alikuwa na kazi ya ofisini, kiti cha kuzunguka na kadi ya plastiki shingoni. Ameiacha. Anasema wazazi wake walikata nguo yao wenyewe wakamshonea yeye, na sasa ni zamu yake.

Hapo kuna ukweli. Baba yake, shemeji yangu, kwetu alikuwa fundi wa kushona. Walipohamia huku miaka kumi na tisa iliyopita hakuna aliyemhitaji fundi, akashika dekio, na mpaka leo anapiga deki stesheni ya treni. Mama yake, dada yangu, anafua shuka kwenye dobi la hospitali. Cherehani ya pili mpwa wangu kamnunulia baba yake. Anataka amtoe kwenye ndoo amrudishe kwenye kiti chake. Baba mwenyewe hajakanyaga hapa.

Mimi nilikuja kuwatembelea wiki mbili. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa daftari, na futi ya kupimia shingoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mteja mmoja, aliingia kujikinga.

Jumanne, 14 Oktoba

Mezani leo mambo yamesemwa. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Mimi humwita Bwana Kimya, yeye huniita Redio, na tunaheshimiana hivyo hivyo. Tulikuwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Nimekaa nikalifikiria hilo duka," alisema. "Sikuvuka mipaka mitatu ili mwanangu ashike sindano."

"Baba, si sindano. Ni biashara."

"Biashara ya sindano."

Dada yangu akamwambia, "Mwache mtoto ajaribu."

"Ana miaka ishirini na saba, si mtoto. Nampa mpaka mvua ziishe. Zikiisha hilo duka halijasimama, anarudi ofisini. Kule walimwambia kiti chake kipo mpaka mwisho wa mwaka."

Mpwa wangu akakubali. Alikubali upesi mno, kama mtu anayekubali bei kabla hajaona mzigo.

Nikataka kupunguza joto, nikawapa kisa cha lile lori langu lililoharibika gia zote za mbele, nikaliendesha kinyumenyume kilomita arobaini nikafika sokoni nimetanguliwa na taa za nyuma. Shemeji akasema mwaka jana zilikuwa ishirini na tano. Nikamwambia barabara imeongezwa.

Huyu mtu ana kiburi. Nimeliandika hapa nisije nikalisema mezani.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo kazi imeingia, kazi hasa. Msimamizi wa dobi la hospitali amekuja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Dada yangu kamsumbua wiki nzima mpaka kaja. Wanawake wa dobi wamechoka na sare zinazoletwa kwa maboksi, zimekatwa kwa mwili wa mtu asiyejulikana. Mikono inashuka mpaka kwenye maji, makwapa yanachanika wakiinua shuka mbichi.

Anataka sare arobaini, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Ziwe tayari tarehe 18 Novemba. Zikikaa vizuri, wapishi na wafagiaji wa hospitali nzima watafuata. Zisipokaa, alisema, atarudi kwa watu wa maboksi, maana wale angalau hawakuahidi kitu.

Mpwa wangu alipomsindikiza mlangoni alirudi akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema, "Mjomba, hii ndiyo yenyewe." Cherehani ya baba kampa Mama Mapacha aikalie kwa muda. Huyo ni fundi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ana watoto pacha, na wa tatu ni ulimi wake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimepima dobi zima kwa dakika hamsini. Naandika tena: wanawake thelathini na tisa, dakika hamsini. Mpwa wangu alikuwa na vitambaa vya kupokea, Mama Mapacha ana watoto, nikasema niachieni. Mimi niliwahi kumpima ng'ombe kwa macho nikakosea kilo moja, na hiyo kilo alikuwa ameinywa asubuhi.

Tulianza kabla ya zamu. Mvua ilikuwa inanyesha ya kumimina, wakaingia kwenye korido wameloa, wakapanga mstari. Kuna mabibi mle wa umri wa mama yangu mzazi, na mtu aliyelelewa hamwambii mama wa watu avue koti mbele ya mwanamume. Nikapitisha futi kwa adabu zote, nikiangalia ukuta. Kifua, kiuno, bega, mkono. Mmoja akasema hajawahi kupimwa na mtu mstaarabu kama mimi. Dada yangu peke yake sikumpima. Yeye alibaki na mashine zinazozunguka, na vipimo vyake binti yake anavyo kichwani.

Mpwa wangu akasoma daftari, akakunja uso. "Mjomba, hawa wamama wanene hivi wote?"

"Kazi ya kuinua shuka inajenga mwili," nikamjibu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Wanakata. Sauti ya mkasi kwenye kitambaa kizito ni kama ng'ombe anayetafuna.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Sare tisa zimekwisha. Mama Mapacha anasema mimi nafaa kuwa kizuizi cha mlango, kwa kuwa nipo na sisogei.

Jumatano, 12 Novemba

Sare ishirini na sita. Saa tisa na nusu alasiri nilimwona shemeji ng'ambo ya barabara, anatoka kazini, amesimama chini ya mwavuli anatazama dirisha letu. Sare moja ilikuwa imetundikwa pale. Aliitazama muda wa kuvuta sigara nzima, naye havuti. Nikafungua mlango nikamwita.

"Shemeji, pita basi, unalowa."

"Nina mwavuli."

"Kola unaionaje?"

"Kola imekaa," alisema, akaondoka.

Mpwa wangu aliuliza alikuwa nani. Nikamwambia mpita njia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa sababu lile neno moja lingempa matumaini makubwa kuliko neno lenyewe.

Jumanne, 18 Novemba

Leo sina visa.

Tulipeleka sare arobaini asubuhi, zimepigwa pasi, zimekunjwa, kila moja na karatasi yenye jina. Wanawake wakaingia chumba cha kubadilishia nguo wakicheka. Wakatoka wakikunja mikono ya nguo. Sare ya dada yangu ilikuwa imemkaa kama ngozi ya tunda. Wale thelathini na tisa walikuwa wamesimama ndani ya nguo kama watu walioziazima. Bega la sare linafika katikati ya mkono. Kiuno unaweza kuingiza mto. Bibi mmoja, yule yule aliyenisifu ustaarabu, alishika upande wa mbele akauvuta mpaka ukafika mgongoni, akaniangalia bila ubaya wowote. Ningependa aniangalie kwa ubaya.

Msimamizi akavua miwani. "Zile za maboksi zilikuwa kubwa," alisema, "lakini hizi zimekuwa kubwa kwa makusudi."

Mpwa wangu akaomba siku. Msimamizi akamtazama dada yangu, akamtazama tena mpwa wangu, akampa mpaka Jumatatu asubuhi. Nadhani siku hizo hazikutolewa kwa ajili ya duka. Zilitolewa kwa ajili ya mfuaji aliyefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, aliyesimama pale amevaa sare inayomkaa.

Njiani nikasema kitambaa kinapanuka kwa unyevu. Nikasema niliwahi kuona turubai la jeshi likipanuka mpaka likafunika kambi ya jirani. Mama Mapacha akaniambia, "Mjomba, leo zima redio."

Jumatano, 19 Novemba

Sikulala vizuri, na leo naandika mengi kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nilijua tangu jana, pale pale koridoni. Walikuwa wametundika makoti yao kwenye misumari, thelathini na tisa, mazito, yana maji, na nikayatambua. Nilikuwa nimeyapima hayo. Sikupima wanawake. Nilipima makoti, na sweta chini ya makoti, na pengine mkate wa mchana ndani ya mfuko.

Asubuhi nimemwambia mpwa wangu. Alikuwa anafumua mshono wa bega kwa wembe. Nilitegemea anifokee, na nilikuwa nimejiandaa jibu. Akasema, "Hukuwaambia wavue?"

"Kwa heshima."

"Mjomba, nilikupa wewe kazi hiyo kwa sababu nilijua mabibi hawatakuogopa." Akaendelea kufumua. "Kosa langu. Nilisoma vile vipimo nikaviona, nikajiambia mkubwa hawezi kukosea."

Jibu langu lote nililoandaa likakosa pa kukaa.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kila sare ifumuliwe mabega, kwapa na mbavu, ikatwe upya, ishonwe. Watu wawili hawawezi kumaliza kwa siku tano. Watatu wanaweza, kama wa tatu ni fundi kweli. Mpwa wangu alikataa kumwomba baba yake. "Akija, aje kwa sababu anataka kiti chake. Sitaki aje kuzima moto." Mama Mapacha akasema moto haujali nani anauzima. Mimi nikavaa koti nikaenda stesheni.

Nilimkuta anapiga deki ukumbi wa tiketi. Kumbe sijawahi kumwona kazini, miaka kumi na moja. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, dekio linakwenda kushoto na kulia kama kalamu ya mtu mwenye mwandiko, na watu wanampisha bila kujua wanampisha. Sakafu nyuma yake inabaki kioo. Nikasimama pembeni, nikamweleza yote, bila kuongeza kilomita.

"Uliwapima na makoti," alisema.

"Ndiyo."

"Wote."

"Wote, shemeji."

Akaegemea dekio. Nikaona mabega yanamtikisika, nikadhani mtu analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mwenye kibanda cha tiketi akachungulia kuona kuna nini.

"Redio," alisema alipopata pumzi, "ungewapima na miavuli kabisa."

Kisha akafuta macho, akaulizia upana wa pindo la ndani. Nikamwambia sijui. Akauliza mkono umekatwa kipande kimoja au viwili. Nikamwambia sijui. Akasema, "Natoka saa tisa. Mwambie dada yako anunue pini, nyingi."

Ijumaa, 21 Novemba

Sina nafasi ya kuandika, nashika pasi. Dada yangu jana alizirudisha sare dobi, akawavalisha wenzake mmoja mmoja chumba cha kubadilishia, akabana pini panapostahili. Sasa nguo zinasema zenyewe. Shemeji hutoka stesheni saa tisa, saa tisa na nusu yuko kwenye cherehani. Mama Mapacha alimwachia ile ya pili bila kuombwa.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua siku nzima. Nimemtazama huyu mtu. Hatumii chaki. Anakunja nguo mara moja, anaipitisha mkononi kama anayepima uzito wa mkate, anakata. Sare kumi na mbili leo. Hazungumzi, haimbi, hainui kichwa. Mpwa wangu kila dakika anamtupia jicho, uso umejaa nuru, kama mtu aliyeona ndoto yake imeketi kwenye kiti.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, naona kitu kingine. Taya limeumana. Kila akimaliza nguo anaisukuma mbali, haitazami. Nikakumbuka alivyokuwa akiitazama ile sakafu.

Sikumwambia mtu. Ni mara ya kwanza nimekuwa na habari nikakaa nayo.

Jumatatu, 24 Novemba

Zimepokelewa zote. Msimamizi alizunguka kila mwanamke kama anayekagua nyumba ya kupanga. Yule bibi aliinua mikono juu mara tatu, kwapa halikuchanika, akasema sasa naweza hata kupigana. Wapishi watapimwa wiki ijayo. Hawatapimwa na mimi.

Jioni sote tulikuwa dukani. Mpwa wangu kafuta cherehani ya pili kwa kitambaa, akasimama nyuma ya kiti.

"Baba, hii ni yako. Tangu siku ya kwanza niliinunua kwa ajili yako. Waache stesheni. Umechukua ndoo kwa ajili yangu miaka kumi na tisa, inatosha."

Nje mvua ilikuwa inapiga kioo. Dada yangu alikuwa anaokota pini sakafuni, akaacha kuokota.

"Nani amekwambia niliipenda kazi hii?" Shemeji aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mpwa wangu hakuelewa.

"Baba yangu alinikalisha kwenye cherehani nina miaka tisa. Nikikosea mshono, rula. Nikisinzia, rula. Miaka ishirini nimeshona nguo za watu, na kila mtu anarudi: hapa panabana, hapa panapwaya. Nilipofika huku wakanipa dekio, nikaenda msalani nikashukuru Mungu. Sakafu haina kwapa, mwanangu. Ukiimaliza imekwisha. Hakuna anayeirudisha kesho."

"Lakini ulisema hukuvuka ili nishike sindano."

"Nilisema. Niliona rula ile ile inakuja kwako."

Mpwa wangu alikaa kwenye benchi. Nilimwona akihesabu miezi, mkopo wa mashine, kiti cha kuzunguka alichokiacha, vyote alivyoweka kwenye mizani. Akauliza taratibu, "Basi uliacha nini, Baba? Maana kitu uliacha."

"Niliacha watu. Mama yangu alizikwa na majirani, mimi niko huku sina karatasi za kutokea. Hilo hulishoni." Akasimama, akavaa koti lake. "Siku tano hizi nimekusaidia kwa sababu wewe ni mwanangu. Kesho narudi sakafuni kwangu. Ukifungua duka, fungua la kwako. La kwangu halikuwapo."

Dada yangu akaniangalia kana kwamba mimi nina kisa cha kuziba pale. Nikainama nikamsaidia kuokota pini.

Jumanne, 25 Novemba

Duka limefungwa. Mpwa wangu yuko chumbani.

Jumatano, 26 Novemba

Limefungwa. Mama Mapacha alikuja mara mbili kuuliza. Dada yangu alimpelekea binti yake chakula mlangoni, akarudi, akaniambia, "Nilijua. Mimi nilijua baba yake hapendi kushona. Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri akiliona duka atapenda." Nikamwambia dada, sote tulimpima na koti. Akanitupia taulo. Lakini alitabasamu kidogo.

Nilimwita shemeji mtu wa kiburi katika kurasa za nyuma. Nimerudi nikapapitishia mstari.

Alhamisi, 27 Novemba

Asubuhi mpwa wangu ametoka chumbani, amevaa, ameshika funguo. Nikamfuata mpaka dukani. Hakuwasha taa kwanza. Akatandaza kitambaa cha wapishi mezani, akaweka mkono juu.

"Mjomba, kama si kwa ajili ya Baba, ni kwa ajili ya nini?"

Angeuliza swali hilo mwezi wa kumi ningekuwa na majibu manane. "Mimi sijui," nikasema. "Siku zile mbili ulizokaa ndani, ulikosa nini?"

Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Yule bibi alivyoinua mikono," alisema. Kisha, "Na kukata. Napenda kukata. Naona aibu hata kusema, wao wamekufa na kazi, mimi napenda."

"Hakuna aliyekufa. Mmoja anafua, mmoja anapiga deki, na jana walikuwa wanagombania mto wa kulalia."

Akawasha taa. Mama Mapacha alipoingia akamwambia ile cherehani ya pili ni yake, si kwa muda. Mama Mapacha akakaa, akasogeza kiti mbele inchi mbili, kisha akaniambia kama sina kazi nikachemshe maji.

Jumatatu, 1 Desemba

Manyunyu. Wapishi wamepimwa na mpwa wangu mwenyewe, nyuma ya pazia, bila makoti.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo haikunyesha. Jana haikunyesha. Mezani hakuna anayetaja hali ya hewa, na familia yetu ilikuwa haina habari nyingine. Ofisini kwa mpwa wangu wamepiga simu kuuliza kama anarudi. Amewaambia atawajibu Jumatatu. Shemeji alikuwa anasikia, akaendelea kumenya chungwa.

Jumatatu, 8 Desemba

Jua. Mvua zimekwisha, hakuna ubishi, barabara imekauka mpaka katikati.

Mpwa wangu alifungua duka saa mbili kama kawaida. Simu ameiweka juu ya meza ya kukatia, hajapiga. Alikuwa anakata aproni, lakini kila akisikia hatua njiani mkasi unasimama.

Wafagiaji wawili wa hospitali waliingia, wakakaa kwenye benchi. Baada yao shemeji akafungua mlango. Leo ni siku yake ya mapumziko. Amevaa viatu vya kutokea, na kwapani amebana sare yake ya stesheni, ile ya buluu iliyofifia, imekunjwa mara nne.

Mpwa wangu akaweka mkasi chini. "Baba. Pita huku."

"Huku wapi?"

"Huku ndani, kwenye kiti."

"Sikuja kukaa kwenye kiti chenu." Akaikunjua sare, akaiinua ili aone. "Hii inanibana mabegani. Nikivuta dekio upande wa kushoto, inavuta shingo. Nimevumilia miaka sita, nilikuwa sijapata fundi ninayemwamini."

Mpwa wangu aliishika ile sare. Aligeuza kola, akatazama mshono wa ndani muda mrefu kuliko mshono unavyohitaji. Akavuta pazia, akachukua futi yake.

"Vua koti, Baba."

"Zamu yangu bado," alisema shemeji. "Na wenzangu wanne wa stesheni wanakuja saa sita, usiwafungie mlango."

Mpwa wangu akachukua simu, akaingia nayo nyuma ya pazia, nikasikia anawashukuru watu wa ofisini kwa kumwekea kiti. Shemeji alikuwa bado amesimama. Nikafungua daftari ukurasa wa maagizo, nikaandika jina lake, nikamwonyesha benchi, nikamwambia aketi, mbele yake wapo wawili.